Ratiba Ilibaki Umoja: Kambi ya Familia na Watoto Watatu

Alhamisi usiku, Umoja

Ratiba niliichapa mwenyewe. Nakala arobaini, pale saiba, duka la kompyuta lililo chini ya fleti yetu mtaani Umoja, Nairobi, shilingi kumi kila karatasi, na pesa hizo sijamdai mweka hazina hadi leo. Mimi ndiye katibu wa kikundi cha wanaume kanisani, na wazo la kambi ya familia lilitoka kwetu: tulale siku mbili kwenye kambi ya maskauti ya Rowallan, kule Jamhuri, na watoto waje wote, hata wa mgongoni.

Kamati ya watu saba, wote akina baba, iliipitisha ratiba kwa dakika nne. Ijumaa saa nane kuondoka, saa tisa na nusu kufika, saa kumi kusimamisha mahema, saa kumi na moja ibada ya kufungua, saa mbili moto wa kambi na ushuhuda, saa nne kimya. Jumamosi inaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa maombi. Hakuna aliyeuliza usingizi wa mchana umeandikwa wapi, wala haja. Watoto wetu tunawapenda, lakini wengi wetu huonana nao kuanzia saa moja jioni, wakiwa wameshaoga.

Mke wangu aliisoma amesimama, mkoba bado uko begani. Yeye ni muuguzi. "Maombi alfajiri," alisema. "Na Kadogo?"

"Si utakuwa naye?"

Ndipo aliponiambia kwamba mwenzake kazini amefiwa, na zamu ya Ijumaa usiku imemwangukia yeye. Atatukuta Jumamosi mchana, akishalala kidogo. Kwa hiyo Ijumaa yote ni mimi na watatu: kifungua mimba wetu, miaka minane, ambaye nyumba nzima humwita Dada, kijana wa kati, miaka mitano, na Kadogo, mwaka mmoja na miezi minne, aliyeanza kutembea juzijuzi na tangu hapo hajaketi.

Akageuza nakala moja ya ratiba yangu, akaandika orodha yake upande wa nyuma. Nguo za kubadilisha mara tatu kwa siku kwa kila mtoto, za Kadogo mara tano. Mavini, yaani kofia za sufu, na soksi za kulalia. Nepi ishirini. Poti. Kipimajoto, dawa ya homa, pakiti nne za chumvi ya kumnywesha mtoto akiharisha. Tochi tatu, "kila mtoto yake, usijaribu kuwapa moja." Na mwisho kabisa: katoni kubwa sita kutoka dukani.

"Katoni za nini?"

"Ukifika usiku utajua."

Ijumaa

Saa nane tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye uwanja wa kanisa. Matatu tulizokodi, mbili za viti thelathini na tatu, zilikuwepo. Abiria ndio hawakuwepo. Familia moja ilisubiri mtoto aamke. Nyingine ilikuwa imerudi nyumbani kuchukua sungura wa sufu. Wa tatu walisema wako njiani, na sote tunajua njia hiyo huanzia bafuni. Tuliondoka saa kumi na dakika ishirini, maana yake tukaingia Jogoo Road pamoja na Nairobi nzima.

Kutoka Umoja hadi Jamhuri hazifiki kilomita 25. Watoto waliuliza "Tumefika?" kwenye kila raundabauti, na pale City Stadium, ambapo gari lilisimama hadi dereva akazima injini, mmoja akauliza kama hapa ndipo kambini, kwa sababu aliona mtu amelala kwenye nyasi. Kijana wangu alitapika tukikaribia Adams Arcade. Mfuko wa plastiki ungenisaidia, lakini Kenya tulipiga marufuku mifuko ile mwaka 2017, nami sikuwa nimefikiria mbadala wake. Nilikuwa na nakala thelathini za ratiba mapajani. Sitaeleza zaidi.

Tuliingia kambini jua likiwa linazama. Unapinda kutoka barabarani, unaacha kelele, na ghafla ni miti. Kadogo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu mchana, akatazama juu, akasema "Maji!" Neno lake ni hilo moja, hulitumia kwa kila kitu kikubwa.

Mahema tulikuwa tumeyakodi kwa mtu mmoja mjini ambaye simtaji. La kwetu lilikuja na vigingi saba badala ya kumi na vinne, na halikuwa na turubai la juu. Baba mwenye digrii ya uhandisi alitusaidia, na kwa sababu hiyo tulichelewa zaidi. Kilichotuokoa ni vijana wawili wa skauti waliokuja na mawe na kamba. Wakalisimamisha kwa dakika kumi huku sisi tukishika tochi, kazi ambayo hata hiyo tuliambiwa tunaifanya vibaya.

Watoto hawakungoja. Hema letu lilikuwa bado limelegea upande mmoja walipoingia saba kwa pamoja na kugundua zipu. Nilikuwa nimewaandalia mashindano ya mistari ya Biblia, mpira, na matembezi ya kutambua ndege. Kwa saa nzima ya kwanza hawakutaka kitu kingine ila zipu: kufungua, kutoa kichwa, kupiga kelele, kufunga. Zipu ya kulia ilikufa kabla ya chakula.

Ibada ya kufungua, ambayo kwenye karatasi ina nyimbo tatu, neno na utambulisho wa kamati, Mchungaji aliifanya amesimama kando ya sufuria. Alitazama watoto waliokuwa wakilia njaa, akafumba macho, akasema, "Bwana, tumefika, asante, bariki chakula. Amina." Ni mahubiri yake bora mwaka huu, na nilimwambia hivyo.

Jikoni alitawala Shosho. Ni mama mzee wa kanisa letu, amepikia matanga na harusi za Umoja kwa miaka mingi, na hapokei ushauri. Mchele na ndengu, viazi ndani, pilipili kando kwa ajili ya wakubwa. Aliwalisha watoto wote kwanza, wameketi mstari kwenye mkeka, sahani mapajani, kabla mtu mzima hajagusa kijiko. Kwenye ratiba yangu wote walikuwa wale saa moja pamoja, kama familia ya Mungu. Shosho alisema familia ya Mungu itakula ikishapata mikono mitupu.

Moto wa kambi ulifaulu, ila si kwa ushuhuda. Baba wa kwanza alianza ushuhuda wake mwaka 1998 na alipofika mwaka 2003 nusu ya watoto walikuwa wanachoma vijiti. Mzee mmoja wa skauti, aliyekuja tu kuhakikisha moto wetu uko mahali pake, akaombwa aseme neno. Aliwaambia watoto wasogee. Akawaeleza kwamba uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, na kwamba Rowallan ni jina la bwana mmoja aliyekuwa skauti mkuu baada ya vita vikuu vya pili. Hapo walikuwa bado wanacheza. Halafu akasema mwanzilishi mwenyewe wa uskauti, Baden-Powell, hakuzikwa Uingereza, amezikwa hapa kwetu, Nyeri.

"Alikufa?" akauliza kijana wangu. Neno hilo humwamsha.

"Januari 1941. Na kwenye kaburi lake wamechora hivi." Akachukua kijiti chenye ncha ya moto, akachora duara kwenye vumbi, na nukta katikati. Maskauti wakipita njia porini, alisema, huwaachia wanaowafuata alama. Mshale: pita huku. Mistari miwili iliyokatana: usipite. Duara lenye nukta ni alama ya mwisho, anayeiacha anasema, *nimekwenda nyumbani*.

Watoto wote wakataka vijiti. Nilipoenda kulala vumbi lote la pale lilikuwa maduara.

Kuhusu usiku. Agosti ya Nairobi ina baridi yake, na huku chini ya miti ni zaidi ya Umoja, ambako saruji hushika joto la mchana. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mtu husahau hilo hadi alale chini. Nilijua watoto watafunikwa. Sikujua kwamba baridi ya hema inatoka ardhini. Blanketi tatu juu yao na godoro jembamba chini, na kufika saa tano Dada alikuwa anatetemeka mgongo. Ndipo katoni zilipojieleza. Nikazikunjua zote sita chini ya godoro, nikahamisha blanketi moja kutoka juu nikaitandika chini, nikawavika soksi na mavini. Baada ya robo saa wakatulia. Nilimtumia mama yao ujumbe: *Nimejua.* Akajibu akiwa kazini: *Fungua dirisha la hema kidogo, mtaloweshwa na pumzi zenu.*

Baba mmoja wa hema la jirani alikuwa ameshapata suluhisho lake. Alikuwa amebeba jiko la makaa, makaa bado mekundu, analiingiza ndani kwa ajili ya watoto wake pacha. Nilimshika mkono mlangoni. Si kwa hekima yangu. Ni kwamba nimeishi na muuguzi miaka kumi na kila msimu wa baridi hurudi nyumbani akinihadithia familia iliyofunga madirisha na jiko ndani. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kukohoa. Alinibishia kwamba hema ni kitambaa tu, linapumua. Tukaliacha nje, nikampa katoni mbili, akaudhika nami hadi asubuhi.

Saa saba usiku nikasikia mtoto analia nje. Kilio chembamba, kirefu, kama cha mtoto mchanga aliyeachwa. Nilihesabu vichwa kwa mkono gizani: kimoja, viwili. Kadogo sikumpata. Nilitoka na kiatu kimoja, tochi mdomoni, nikazunguka hema mara mbili huku kilio kikihama kutoka mti hadi mti, hadi mlinzi akaniambia kwa upole, "Katibu, huyo ni komba." Macho mawili ya dhahabu yalinitazama kutoka juu. Kadogo alikuwa amebiringika hadi miguuni pa godoro, ndani ya begi la nguo, usingizi wa fofofo.

Saa tisa kijana akalowesha. Katoni mbili zikaenda. Saa kumi na moja na robo hivi, adhana ikaja kutoka upande wa Kibera, halafu jogoo, halafu pikipiki ya kwanza. Sikuwa nimelala, kwa hiyo niliyasikia yote kwa mpangilio wake.

Jumamosi

Kwenye maombi ya alfajiri alihudhuria Mchungaji na Shosho, naye Shosho alikuwa pale kwa ajili ya kuwasha moto. Aliomba nakala za ratiba. Nilimpa kumi. Zilishika vizuri.

Akiwa anakoroga uji alinyoosha mwiko upande wa bati zilizoonekana mbali. Kumbe amekulia kule. Alisema watu hutamka Kibera bila kujua wanataja nini. Ni Kibra, neno la Wanubi, na maana yake ni msitu. Wanubi walikuwa askari waliotoka Sudan, Waingereza wakawapa mahali pa kukaa ukingoni mwa mji, na wakati huo miti ilikuwa imeungana kutoka kule hadi hapa. "Mnasema mmekuja msituni," alisema. "Mmekuja kwenye kipande kilichobaki." Na kweli, ukinyamaza unasikia magari: Ngong Road upande mmoja, na mbali kidogo Southern Bypass iliyopasua msitu huo huo katikati.

Kiamsha kinywa kilikuwa mikate ishirini na ndizi mikungu miwili. Kima walichukua mikate minne. Walishuka bila haraka, kama wenye nyumba, na mmoja aliketi juu ya meza ya kamati akamenya ndizi akitutazama. Watoto hawakuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Mama mmoja alitaka kuwarushia kipande, mlinzi akamzuia, akasema kima akishazoea mkono wa mtu, kesho atampokonya mtoto kilicho mkononi na kumkwaruza. Mtoto mmoja akauliza kama fisi nao wapo. Mlinzi akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba huko ndani wapo, ila mchana hawana shida na mtu. Nililiweka jibu hilo mahali fulani kichwani, na baadaye lilinitokea.

Asubuhi nzima niliacha kusoma ratiba. Mvua ya manyunyu ilikuwa imelainisha udongo mwekundu karibu na mfereji, na hapo watoto ishirini na kitu, wa miaka miwili hadi kumi, walifungua kiwanda. Matofali, chapati, sufuria, gari la matope lenye dereva wa matope. Mashindano ya mistari ya Biblia yalipata watoto watatu, wote wa Mchungaji. Saa tano wadogo walianza kugombana ovyo na kulia kwa sababu zisizoeleweka, na akina mama, bila kikao wala katibu, wakatandika mikeka mitatu chini ya mti, wakawalaza wote mstari mmoja, wangu na wao. Mama mmoja akamchukua Kadogo kutoka mikononi mwangu bila kuniuliza. "Nenda ukanywe chai, Katibu. Unayumba." Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, nikausikia ukimya, na nikaelewa kwamba saa hiyo mimi nilikuwa nimepanga semina ya wazazi yenye maswali na majibu.

Mchezo wa alama ulikuwa wa saa nane. Mzee wa skauti aliandaa: mishale ya vijiti na mawe kuzunguka ndani ya kambi, vikundi vitano, kila kikundi na mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma, mwisho wa njia kuna peremende chini ya duara. Kijana wangu alikuwa kikundi cha tatu, na mtu mzima wa nyuma nilikuwa mimi.

Nilitazama simu. Mke wangu alikuwa ameandika kwamba amepanda boda boda kutoka mjini. Nikamjibu, nikatazama mbele, nikahesabu: tisa. Tulikuwa kumi.

Mara ya kwanza sikusema kitu, nikahesabu tena, kwa sababu watoto husogea. Tisa. Nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Halafu kwa sauti nyingine. Yule mlinzi na sukari yake wakanijia. Mzee wa skauti hakukimbia. Alipuliza filimbi, vikundi vyote vikaketi chini pale pale vilipokuwa, watu wazima wakatawanyika kwa mstari kuelekea ua wa upande wa msitu, na akaniuliza swali moja tu: alivaa nini? Sikukumbuka. Asubuhi nilikuwa nimembadilisha mara tatu. Nilisema nyekundu. Dada, aliyekuwa ameketi na kikundi chake kama walivyoambiwa, akapaza sauti: "Ni kijani, Baba. Ya njano ilichafuka."

Tulitafuta kwenye vyoo, kwenye tangi, kwenye matope, kwenye ua hatua kwa hatua. Shosho aliacha moto. Yule baba wa jiko la makaa, aliyeninunia tangu usiku, alipanda mti. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Simu yangu inasema kumi na saba.

Aliyempata ni Dada, na hata hakuinuka. Alikuwa anatazama chini. "Baba," aliniita, "hapa kuna alama, na si ya mzee." Kwenye vumbi, karibu na njia ya kwenda maegesho, kulikuwa na duara bovu kama yai, lililochorwa kwa kidole, na nukta iliyochimbwa hadi kuwa shimo. Hatua kumi mbele kulikuwa na lingine. La tatu lilikuwa mlangoni mwa matatu yetu.

Alikuwa ameketi kiti cha dirishani, amefunga mkanda, fulana ya kijani, mikono mapajani.

"Nimekwenda nyumbani," alisema. "Nilichora."

Alikuwa amechoka, basi. Amechoka na kelele na watoto na mimi, akafuata utaratibu aliofundishwa usiku, akaacha ujumbe kwa wanaomfuata, tena mara tatu. Dereva alikuwa kiti cha mbele, amelala, hakumsikia. Nilitaka kumkaripia, nikakosa pa kuanzia. Niliketi kiti cha pili yake. Akaniambia nifunge mkanda. Nikafunga.

Tulikaa hapo kwa muda. Mke wangu alitukuta hivyo, watu wawili ndani ya gari lisilokwenda popote, akagonga kioo na kofia ya boda boda bado kichwani. Nilimweleza yote usiku, watoto wakiwa wamelala. Dada alikuwa ameshamweleza mchana.

Usiku wa pili mvua ilikuja yenyewe, si manyunyu. Hema lisilo na turubai la juu hustahimili kidogo ilimradi usiguse kitambaa kwa ndani. Unapogusa, maji yanapata njia. Jaribu kuwaambia watoto watatu wenye tochi wasiguse ukuta. Saa nne tulikuwa tumeloa upande mzima wa kulia, ule wa zipu iliyokufa. Yule baba wa pacha akafungua hema lake, kubwa kuliko letu, akatumulika tochi usoni na kusema, "Ingieni, Katibu, na katoni zako." Tulilala tisa, vichwa upande huu na ule kama omena, na kwa joto la watu tisa hakuna aliyekumbuka jiko. Nililala saa sita mfululizo. Mguu wa mtoto wa mtu mwingine ulikuwa shingoni mwangu asubuhi, nami sikuusogeza.

Jumapili

Ibada chini ya miti, viti vya plastiki vikizama kwenye tope, watoto mbele kwenye mikeka. Mchungaji alikuwa ameandaa somo la dakika arobaini na tano kuhusu Waisraeli jangwani. Alilisema kwa kumi na mbili, akiuliza watoto maswali: miaka arobaini kwenye mahema, mnafikiri watoto wao walikuwa wakisema nini? "Tumefika?" walijibu wote. Akafunga Biblia hapo. Kadogo alitembea hadi mbele wakati wa sadaka, akaweka kwenye kapu kiatu chake kimoja, akasema "Maji," na mhasibu akakiandika.

Kuvunja kambi kulichukua saa mbili, na nusu ya muda ulikuwa wa kutafuta soksi. Tulikusanya taka zote, tukamwaga maji juu ya majivu na kuyakoroga kwa mkono mpaka yakapoa, kama mzee wa skauti alivyoagiza. Kamati ilikutana kwa dakika tano kando ya gari. Mwenyekiti akasema tumshukuru katibu kwa ratiba, na mwaka ujao aandae nyingine. Shosho, ambaye si mwanakamati na hakuitwa, alisema kutoka dirishani mwa matatu kwamba mwaka ujao orodha ataandika mama wa Kadogo, mimi nichape. Ilipita bila kura.

Barabara ya Jumapili ilikuwa tupu. Hakuna aliyetapika, kwa sababu wote walilala kabla ya Ngong Road.

Mwenye mahema alitaka yarudishwe Jumatatu yakiwa makavu, na yetu ilikuwa inatiririka. Nikaibeba juu ya paa la fleti, kwenye kamba za nguo, kati ya mashuka ya majirani. Kamba hazikuitosha, basi nikaisimamisha, kwa matofali badala ya vigingi. Upepo wa jioni ukaijaza. Nilipogeuka, Dada na mdogo wake walikuwa ndani tayari, na tochi zao, na mtoto wa jirani wa chini ambaye hata kanisani kwetu hasali. Zipu ya kushoto ikaanza: juu, chini, juu.

Mama yao alipanda na Kadogo mgongoni, akatazama hema, akatazama mawingu, akanitazama mimi.

"Wanasema wanalala hapa."

"Kesho una kazi," alisema.

"Nawe pia."

Alimshusha Kadogo, naye akaingia ndani moja kwa moja bila kugonga. Mimi nikashuka dukani kuuliza kama katoni bado zipo.